Rangi ya Binti Aliyebeba Moto

Nilianza kuandika kitabu kwa sababu ya swali la mwanafunzi. Nafundisha historia katika shule moja ya wasichana hapa Bukavu, na siku ile tulikuwa kwenye falme za kale za kando ya ziwa: mwami huyu akamrithi yule, akapigana na jirani, akafa, mwanawe akashika ngoma ya ufalme. Msichana mmoja wa nyuma akanyoosha kidole.

"Madame, na mabinti balikuwa wapi?"

"Mabinti gani?"

"Sawa sisi. Wakati bale bote banapigana, mabinti sawa sisi balikuwa banafanya nini?"

Nikamjibu kwamba mwami alipokuwa bado mtoto, mama yake ndiye aliyetawala kwa niaba yake, na watu walimwita mwamikazi na kumwogopa.

"Ule ni maman," akasema. "Mi nauliza mabinti."

Darasa lilicheka. Mimi pia nilicheka, lakini nilirudi nyumbani, mtaa wa Bagira, na swali lile, wala halikuniacha. Wasichana wangu walikuwa wasomaji kuliko wazazi wao walivyodhani. Walitumiana riwaya kwenye simu, za Kifaransa, zenye mabinti wanaopanda majoka na kufungua malango ya barafu. Niliwaomba wanitumie na mimi, nikazisoma, nikazipenda. Ila katika zote sikukuta binti aliyesukwa nywele, wala aliyekula fufu, wala aliyepanda mlima wenye migomba. Nguvu zote za ajabu zilikuwa zimeenda kukaa kwa watu wengine.

Basi Jumamosi moja nikakaa mezani karibu na dirisha nikaandika mwanzo. Katika hadithi yangu mwami bado ananyonya na mama yake anatawala. Maadui wanauzima moto wa ikulu, ule ambao kila nyumba ya nchi iliwashia wake, na baridi ya mlimani inaanza kuua watu. Moto uliobaki uko ng'ambo ya maji, kisiwani. Msichana mmoja, binti wa mfuga nyuki, anagundua kwamba moto unatulia kiganjani mwake kama kifaranga, wala haumchomi. Ndiye anayetumwa. Mambo ya ngoma, ya ng'ombe, ya bangili za nyuzi zilizotumika kama fedha, niliyachukua katika historia. Moto wa kiganjani niliutunga mwenyewe. Niliandika kwa Kiswahili, ingawa mwalimu mwenzangu wa Kifaransa alininung'unikia muhula mzima, na watu wa hadithi niliwaacha waseme kama tunavyosema sisi.

Wakati huo kaka yangu, ambaye analima mpunga Luvungi, chini uwandani, alimleta binti yake kwangu ili aendelee na masomo katika shule yetu mjini. Binti alikuja na mfuko wa mchele na godoro lililofungwa kwa kamba. Alikuwa na miaka kumi na sita, mrefu, mweusi sana, mwenye kucheka haraka. Mama yangu mzazi, ambaye anaishi na mimi, alimwangalia mjukuu wake akishusha ule mchele peke yake, akasema, "Huyu atatusaidia." Lakini kitu cha kwanza alichonisaidia kilikuwa kusoma.

Nilikuwa nikiacha kurasa zangu juu ya meza. Siku moja nikamkuta amezimaliza zote, amekaa na uso wa mtu aliyekula chakula kisicho na chumvi.

"Iko muzuri?" nikamuuliza.

"Iko muzuri, tantine," akasema, akiniita shangazi kwa Kifaransa. Akasita. "Lakini huyu mutoto hana tumbo?"

"Tumbo gani?"

"Anatembea tangu asubuhi, hasikie njaa. Banamufukuza na mikuki, haogope. Anashika moto, haumuchome hata siku moja. Mi nikisoma naona, aa, ule hawezi kuwa rafiki yangu. Hana lazima na mutu, hata wa kumusaidia."

Iliniuma kidogo. Nilikuwa nimemtengeneza binti mwenye nguvu, nikiamini kwamba nguvu ni kutokutikisika. Nikamuuliza yeye mwenyewe huogopa nini. Akaniambia kwamba kule uwandani, ilipotokea milio ya risasi, yeye ndiye aliyekuwa akiwakusanya wadogo zake na kuwapeleka shambani, na kwamba wakati wote huo magoti yalikuwa yakimtetemeka hata akashindwa kufunga kitenge.

"Na ulibapeleka?"

"Nilibapeleka. Nikitetemeka."

Nikaandika upya karibu kitabu chote. Binti wangu akaanza kusikia njaa, akaanza kuogopa maji marefu, na mara ya kwanza moto ulimuunguza, mpaka alipojifunza kuushika. Hadithi ikapata pumzi. Kila Jumamosi tulibishana, mimi mezani, yeye chini akichambua sombe, majani ya muhogo, na mabishano yale ndiyo yaliyonifanya nijue kwamba kitabu kitakwisha.

Mama yangu naye alikuwa akisikiliza akiwa jikoni. Yeye ni Mkatoliki wa kuamka na misa ya kwanza, na jambo la moto lilikuwa likimsumbua. Siku moja akatoka na mwiko mkononi.

"Mutoto anashika moto, haumuchome. Batu batasema nini? Batasema ni mulozi, ni muchawi."

Hakuwa anatania, wala mimi sikucheka. Mjini kwetu msichana anaweza kufukuzwa nyumbani kwa maneno madogo kuliko hayo. Nilikuwa bado natafuta jibu, binti wa kaka yangu akamwambia bibi yake:

"Koko, mu Biblia bale vijana batatu balitupwa mu moto, haukubachoma. Nani alisema ni bachawi?"

"Bale balikuwa na Mungu."

"Na huyu eko na nani?"

Mama alifikiri. "Kama eko na Mungu, basi munionyeshe akisali." Akarudi jikoni.

Nikaandika kwamba kila mara kabla ya kuugusa moto, binti aliomba kwa jina ambalo wazee wa Bushi, nchi ya kuzunguka Bukavu, walimwita Mungu kabla ya wamisionari, Nyamuzinda. Nilipomsomea mama sehemu hiyo alifumba macho kama mtu aliye kanisani, na tangu siku hiyo akawa akiwaambia majirani kwamba nyumbani kwetu kunaandikwa kitabu.

Mambo hayakuwa mazuri hivyo shuleni. Wasichana wa darasa langu, alimokuwa binti wa kaka yangu, walimpa jina: Makala, yaani makaa, kwa weusi wake. Walimwita hivyo kwenye uwanja, wakacheka, naye akacheka pamoja nao, na mimi nilipoona akicheka nilidhani halimgusi. Kisha nikaanza kusikia chumbani mwake harufu kali ya tui lililochanganywa na sabuni. Uso wake ukawa unang'aa kwa namna isiyo yake, mashavu mekundu, vifundo vya vidole vikibaki vyeusi. Juu ya shavu la kushoto ngozi ilikuwa imeungua, ikaacha doa jeupe. Sikuhitaji kuelezwa. Vikopo vile vya mafuta ya kujichubua viko kila mahali, kwa akina mama wanaochanganya mafuta sokoni Kadutu mpaka kwenye kioski cha njia panda yetu.

Nilimwita tukakaa barazani. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzima, ya afya, ya jua, ya heshima ya mtu mweusi. Sikuifikisha mbali.

"Tantine," akanikata, na sauti yake haikuwa ya hasira, "kule Luvungi sikukuwa mweusi. Nilikuwa tu. Hapa ndjo nilipata kujua niko mweusi."

Nikamshika mkono, tukakaa hivyo mpaka mvua ilipoanza kupiga mabati na tukalazimika kuanua nguo.

Kitabu kilikuwa kimeisha. Mtu wa uchapaji pale Nyawera alikubali kukichapa, ila alitaka picha ya jalada. Rafiki mmoja akanielekeza kwa mzee anayechora mabango, mtaa wa Kasha, si mbali na kwetu. Kazi yake unaijua hata kama humjui yeye: wale wanawake wa kwenye kuta za saluni, shingo ndefu, midomo myekundu, nywele zinazoanguka mabegani kama maji. Nilimpelekea sura chache asome, nikamweleza: msichana, mlima, ziwa nyuma, moto kiganjani. Akaniambia nirudi baada ya wiki.

Niliporudi alifunua ubao kwa furaha. Ziwa lilikuwa zuri sana, nusura nilie. Lakini binti alikuwa na rangi ya papai bivu, pua nyembamba, nywele zimelala. Moto ulikaa kiganjani mwake kama chupa ya marashi.

"Papa," nikasema polepole, "mutoto wa kitabu eko mweusi. Imeandikwa."

"Najua, maman. Nimesoma."

"Sasa juu ya nini umemuchora hivi?"

Akajifuta mikono kwenye suruali. Alikuwa mtu mpole, mwenye mvi chache, na swali halikumkasirisha. "Tangu naanza hii kazi hakuna mutu ameniomba mwanamuke mweusi. Hata bale beusi banakuya hapa, banasema, papa, uniangazishe kidogo. Na kweli nikupashe: mkono wangu umesahau. Nikichukua rangi nyeusi ya mu kopo, inafanya shimo. Uso unapotea. Uniletee mutu nimuangalie."

Nilirudi nyumbani nikiwa najua ni nani wa kumpeleka, na nikiwa siwezi kumwambia. Ningesemaje? Njoo uchorwe, kwa kuwa wewe ni mweusi? Hilo ndilo neno lililokuwa linamchoma kila siku. Nilizunguka nalo siku kadhaa. Mwishowe nikamwambia ukweli mdogo: kwamba mchoraji amekosea picha, na kwamba yeye anamjua yule binti kuliko mtu mwingine yeyote, aje amweleze. Akakubali mara moja. Alipenda kukosoa.

Tulikwenda Jumamosi asubuhi kwa miguu. Mchoraji alikuwa kazini chini ya banda lake la mabati. Mke wake alikuwa anapika maharagwe kwenye mbabula, jiko la makaa, uani. Binti wa kaka yangu alisimama mbele ya ubao, akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule.

"Ziwa iko bien," akasema. "Lakini huyu dada, papa, huyu hajawahi kuteka maji."

Mke wa mchoraji akaangua kicheko. "Mi nilimuambia! Nilimuambia, huyu eko naenda ku ndoa ya mutu!"

"Unajuaje hajateka maji?" mchoraji akamuuliza binti, naye akicheka.

"Angalia mikono. Na moto haishikwe hivi. Upepo itazima kabla hajafika hata kwa jirani."

"Inashikwaje?"

Hakumweleza kwa maneno. Akatazama uani, akaokota kigae cha chungu, akaenda kwenye mbabula, akamwomba mke wa mchoraji ruhusa, akachota makaa mekundu kwa kijiti. Kisha akatembea. Kwao Luvungi, kiberiti kilipokosekana, mtoto alitumwa kuchukua moto kwa jirani, na mwili wake ulikuwa haujasahau. Alikwenda upande upande, bega likikinga upepo, kiganja kingine kimefunika juu ya makaa bila kugusa, macho chini kwenye mwanga. Kuku walikuwa wakipisha njia.

"Simama hapo," mchoraji akasema. "Hapo hapo, binti yangu. Usitikisike."

"Papa, inachoma!"

"Badilisha kigae, lakini usibadilishe uso!"

Tulicheka sote, mke wake akaleta kigae kinene. Mzee akachukua ubao mpya. Sasa nikamwona akifanya kazi ambayo sikuwa nimeiona. Hakufungua kopo la rangi nyeusi. Akachanganya kahawia na nyekundu, akajaribu kwenye kipande cha katoni, akatikisa kichwa, akaongeza buluu. Alikuwa akimtazama, anarudi kwenye rangi, anamtazama tena, kama mtu anayesikiliza lugha aliyoisema utotoni. Karibu na moto akaweka manjano kidogo kwenye shavu na kwenye kidevu, na uso ukatoka kwenye ubao, ukaja kwetu.

Alipopumzisha mkono, binti wa kaka yangu akaenda kutazama. Alisimama kwa muda mrefu kuliko alivyosimama mbele ya picha ya kwanza.

"Mi niko na buluu?" akauliza.

"Uko nayo. Hapa, chini ya jicho. Na hapa, ku shingo."

Akajigusa shingo, kama mtu anayetafuta kitu alichokivaa bila kujua.

Mchoraji akakohoa. "Kuko kitu kimoja. Hii alama ya ku shavu. Naweza kuifunika. Ni dakika moja tu."

Nilitaka kujibu mimi, nikajizuia. Yeye alitazama ile picha, kisha akanitazama, kisha akasema, "Mara ya kwanza moto ulimuchoma, si ndjo vile, tantine?"

"Ndjo vile."

"Basi uiache, papa. Iko mu kitabu."

Tukarudi kwa miguu. Tulipofika karibu na nyumbani akaniuliza kama ningependelea wamtambue kwenye jalada au wasimtambue. Nikamwambia hilo ni lake kuamua, na kwamba tungeweza bado kumwomba mzee abadilishe pua au macho. Akatembea kidogo. "Hapana," akasema. "Banitambue."

Sitasema kwamba kesho yake alitupa kopo lile la mafuta. Lilikaa chini ya kitanda chake majuma mengi, na kuna asubuhi nilizosikia tena ile harufu, nikanyamaza. Kisha nikaja kutambua kwamba siisikii tena. Vifundo vya vidole na uso vikaanza kufanana. Doa la shavuni lilififia, halikuisha.

Vitabu vilipotoka, nilipeleka vichache darasani. Sikutoa hotuba. Niliviweka juu ya meza, jalada likiangalia juu, nikageuka kuandika ubaoni. Nyuma yangu kelele ikapanda, halafu ikashuka ghafla. Yule msichana aliyeniuliza swali alikuwa ameshika kitabu kwa mikono miwili.

"Madame, huyu si Makala?"

"Muulize mwenyewe," nikasema.

Binti wa kaka yangu alikuwa dirishani. Akageuka, akalitaja jina lake mwenyewe, lile alilobatizwa nalo, polepole, kama mwalimu anayemsomesha mtoto. "Ni mimi," akasema. Hawakupiga makofi, wasichana hawako hivyo. Mmoja alicheka kicheko kibaya, wawili wakamnyamazisha, na aliyebaki na kitabu akauliza kama kweli alishika moto. "Kweli. Uliniunguza," akajibu, na wakamzunguka wote kutaka kuona kiganja. Jina la Makala halikufa siku hiyo. Lilidhoofika, kisha likasikika mara moja moja, kisha lilipotajwa hakuna aliyecheka.

Yule mzee wa Kasha alinisimulia baadaye kwamba saluni moja ya barabara ya kwenda Miti imemwagiza mwanamke mweusi, na mwenye saluni akasema, kama yule wa kitabu. Alimchora akiwa amesukwa nywele. Nimepita pale mara mbili nikamtazama.

Likizo iliyofuata barabara ya uwandani ilikuwa inapitika, tukashuka naye Luvungi. Kaka yangu alikishika kitabu, akakigeuza, akamtazama binti yake, akakitazama tena. Si mtu wa maneno. Alitoka nje na kitabu akaenda nacho kwa jirani, kisha kwa jirani mwingine, na tulimsikia kutoka mbali akisema, "Muone. Muone huyu ni nani."

Jioni watoto walijaa uani. Wadogo zake, watoto wa majirani, wengine wakiwa bado na matope ya shamba la mpunga miguuni. Akawasomea sura ya kisiwa, sauti yake ikipanda na kushuka, akiigiza mwamikazi, akiigiza maadui. Alipofika mahali ambapo binti anapakia moto kwenye mtumbwi, mdogo wake wa mwisho, msichana wa miaka sita hivi, akamkatiza.

"Na wadogo zake eko nabaachia nani?"

Nilishtuka. Sikuwa nimempa binti wangu wadogo. Katika kurasa zote zile hakuna aliyewataja.

Binti wa kaka yangu akakifunga kitabu, kidole kikiwa kimebaki ndani. "Hajabaacha," akasema. "Bako mu mutumbwi, nyuma yake, babili. Mukubwa anapiga kasia. Mudogo anatetemeka, lakini ndjo anashika kigae."

"Kisha?"

"Kisha upepo ikakuya."

Watoto wakasogea. Mimi nikavuta kiti karibu, kwa kuwa nami nilikuwa sijui ni nini kitakachotokea.